Zumu ya bei poa kwa kamera yako ya kwanza: hizo namba kwenye lenzi zinasema nini

Kila ukiingia kwa grupu ya wapiga picha hapa Nairobi utapata swali ni lile lile tu. Msee amenunua Canon 2000D ama Nikon D3500, ameitumia miezi kadhaa na ile lenzi ndogo iliyokuja kwa boksi, sahi anauliza "nataka zumu ya bei poa, nichukue gani?" Halafu majibu yanamwagika, mmoja anasema chukua 75-300, mwingine anasema usiguse hiyo kabisa, wa tatu anasema achana na mambo ya zumu nunua 50, wa nne anauliza kama hiyo kamera unaiuza. Ukishuka tao uulize dukani, jamaa wa kaunta atakwambia "brathe hii inavuta kutoka hapa mpaka Ngong", na hajakudanganya, Ngong utaiona, swali ni hiyo picha itakaa aje.

Mi naona simu ndo zimechanganya watu zaidi. Tangu Samsung watoe ile S20 Ultra mwaka 2020 na kuandika 100X hapo nyuma kwa kamera yenyewe, watu wamezoea kupima zumu kwa x, kwa hivo mtu akishika DSLR, yani hizi kamera za kubadilisha lenzi kama 2000D na D3500, swali la kwanza ni "hii inaenda x ngapi?" Kumbe ile ya simu sehemu kubwa ni programu inakata picha na kuikuza, si vioo vinavuta.

Kwa DSLR hiyo x achana nayo. Zumu ni lenzi yoyote ambayo ukizungusha ringi yake inabadilisha upana wa kile kamera inaona, basi. Ndo maana inaandikwa namba mbili, kama 18-55mm, ile ndogo ni pale inaona pana na ile kubwa ni pale inavuta. X ni kugawanya tu, 55 kwa 18 unapata kama 3, so hiyo ni 3x. Sasa chukua 70-200, ile lenzi nono unaona ikining'inia shingoni mwa mapaparazi wa magazeti pale Kasarani, haifiki hata 3x. 18-300 inapita 16x na bei yake ni kipande tu cha hiyo nyingine. Na 10-18 haifiki 2x, haivuti chochote, na bado ni zumu. Hiyo x inakwambia tu mwisho mmoja wa lenzi na ule mwingine vimeachana kiasi gani, mambo ya kuvuta mbali haimo. Na lenzi iliyoandikwa namba moja tu, kama 50mm, si zumu, ukitaka kusogea unatumia miguu.

Haya, hizo milimita zenyewe sasa. Tuseme uko na Canon ya kuanzia, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ina upana wa milimita 22.3, na umesimama mita 100 kutoka kwa kitu. Kwa 18mm kamera inakuonyesha upana wa kama mita 124 za hiyo sehemu. Kwa 55mm, kama mita 40. Kwa 250mm, kama mita 9. Kwa 300mm, mita 7 na nusu hivi. Sasa weka simba hapo, tuseme uko Nairobi National Park Jumapili asubuhi na mwili wake bila mkia ni kama mita 2. Kwa 55mm huyo simba ni sehemu moja ya ishirini ya upana wa picha, kidoa tu cha rangi ya nyasi, utarudi nyumbani ukianza kuonyesha watu kwa kidole "ni huyu hapa, huyu". Kwa 250mm anachukua karibu robo ya picha na hapo ata masharubu unaanza kuyaona.

Lakini cheki tena hizo mbili za mwisho, 250 na 300. Mtu anaona namba imepanda na hamsini anadhani hiyo ni lenzi nyingine kabisa, kumbe ni mita 9 dhidi ya mita 7 na nusu. Hiyo tofauti unaimaliza ukimwambia dereva asogee mbele mita kumi na saba. Kutoka 55 kwenda 250 ni safari ndefu sana, kutoka 250 kwenda 300 ni kama hujatoka stejini. Kwa hivo usikubali kulipa zaidi, ama mbaya zaidi kupoteza kitu kingine cha maana, kwa sababu tu ya hiyo 300, na hii nitairudia huko chini maana ndo watu wanaangukia.

Kabla sijasahau, kuna ile namba ingine kwa mdomo wa lenzi ama kwa kifuniko, 52, 58, 67, imeandikwa pembeni ya kaduara kamekatwa na mstari. Hiyo ni upana wa filta inayoingia hapo mbele. Haina uhusiano na kuvuta. Nimeona mtu kwa tangazo ameandika "lenzi ya 58mm zumu kali" akiuza 18-55, sijui kama ni ujanja ama hata yeye hajui, lakini mnunuzi wake atakuwa na maswali.

Na mambo ya "kuzidisha kwa 1.6" tuyapite haraka. Sensa ya kamera za kuanzia ni ndogo kuliko ile ya fulu fremu, zile kamera za sensa kubwa, kwa hivo inachukua katikati tu ya kile lenzi inaona. 50mm kwa Canon yako inakaa kama 80 kwa fulu fremu, kwa Nikon unazidisha na 1.5. Lenzi yenyewe haijabadilika, ni kipande tu kimekatwa. Na kama hujawahi kushika fulu fremu maisha yako, hiyo hesabu haikusaidii na chochote, hizo mita nimekupea hapo juu tayari ni za sensa yako.

Sasa tuje kwa ile kitu inauzwa kwa bei kweli, na si umbali. Ni mwanga.

Kwa lenzi utaona imeandikwa kitu kama 1:3.5-5.6, ama f/3.5-5.6. Watu wengi wanairuka hiyo wanaenda kwa milimita, na hapo ndo pesa inaenda vibaya. Namba ya f inakwambia tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na inaenda kinyume, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Wakati mvua inanyesha ukiweka karai na chupa ya soda nje kwa dakika kumi, zote zimenyeshewa na mvua ile ile lakini karai ndo ina maji ya kuoga, na ukitaka chupa ijae kama karai itabidi uiache nje muda mrefu sana. Kamera ni hivo hivo, lenzi yenye tundu dogo inabidi shata, ule mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga, ikae wazi muda mrefu ndo picha ipate mwanga wa kutosha, na shata ikikaa wazi muda mrefu kila kitu kinachosonga kinatoka na ukungu.

Na tofauti si ndogo. f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. f/1.8 inaingiza karibu mara kumi. Ukisoma 3.5-5.6 maana yake ukiwa kwa 18mm lenzi inafunguka mpaka 3.5, ukizungusha kwenda 55 inabaki 5.6, yani kadri unavuta ndo giza linaingia. Lenzi karibu zote za bei poa ziko hivo na si eti kampuni zina roho mbaya, ni hesabu tu: ile f ni zile milimita za lenzi zikigawanywa kwa upana wa tundu. 250mm kwa f/5.6 inataka tundu la milimita kama 45. Hiyo hiyo 250 kwa f/2.8 ingetaka milimita 89, kioo cha karibu sentimita tisa, safi, bila kasoro, na nyuma yake vingine vingi vya kufanana nacho. Ndo maana Canon 70-200 f/2.8 L IS II iliyotoka 2010 ilikuwa inauzwa dola 2,499 huko Marekani na ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na 55-250 STM ya 2013, inayovuta mbali kuishinda, ilitoka kwa dola 349 na ina gramu 375. Inayovuta zaidi ndo rahisi. Ukielewa hapo tu, nusu ya ubishi wa kwa grupu umeisha.

Sasa hii inakuhusu aje? Inategemea unapiga picha wapi na saa ngapi. Jua la saa sita Nairobi, f/5.6 inatosha na inabaki, unaweza kuweka ISO 200 (ISO ni vile kamera inaongezea picha mwangaza) na shata 1/1600, yani sehemu moja ya 1600 ya sekunde, bila shida, ndege wa Karura wakiwa wazi, raga pale RFUEA Ngong Road mchana, wale korongo wakubwa wa Barabara ya Mombasa kwa miti karibu na Nyayo, zote hizo lenzi ya bei poa inazimudu. Lakini ingia kanisani ama kwa hema la ruracio, sherehe ya mahari, jioni. Hapo kwa ISO 1600 na f/5.6 unaweza kujipata kwa shata ya 1/30, na wamama wakianza kucheza 1/30 haishiki mtu, utapata nguo inang'aa na uso hauna mwenyewe. Weka 50mm f/1.8 hapo hapo unapata kama 1/300. Ndo maana wale wazee wa grupu wanakwambia achana na zumu nunua 50, wanajua kazi nyingi za kwanza za kulipwa Nairobi ni sherehe za ndani, shida ni wanasema hivo bila kueleza, na kama swali lako lilikuwa ni la simba basi jibu lao halikusaidii. Canon 50mm f/1.8 STM ilitoka 2015 na ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa za Canon, kwa Nikon kuna 35mm f/1.8G DX. Jua tu kwamba 50 ndani ya sebule ya bedsita inabana, utajipata umesimama kwa mlango ndo familia iingie kwa picha.

Hapo watu wanauliza, si stabilaiza itanisaidia? Hii ni ile imani ngumu kuitoa. Stabilaiza inatuliza mikono YAKO. Canon wanaiandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC, ni kitu kimoja, kuna kioo ndani kinasogea kinyume na mtetemeko wako. Bila hiyo kuna kanuni ya zamani kwamba shata isiende chini ya moja kugawanywa kwa milimita za lenzi, na kwa sensa yako hizo milimita zidisha kwanza na 1.6, so kwa 250mm unataka kama 1/400 ndo mikono isionekane. Ukiwa na stabilaiza unaweza kushuka mpaka 1/60 hivi na nyumba, mlima, twiga aliyesimama anawaza mambo yake, vyote vitoke safi. Lakini twiga akianza kukimbia stabilaiza haimjui. Bibi harusi akizunguka haimjui. Kwa kitu kinachosonga ni shata tu, na shata inataka mwanga, tunarudi kwa karai.

Pamoja na hayo, kwa lenzi ndefu ya bei poa stabilaiza ni lazima, na hapa ndo nafika kwa ile vita ya 75-300. Canon EF 75-300 f/4-5.6 III ni lenzi ya mwaka 1999, haina stabilaiza, iko kila duka na kila tangazo, na inauzika kwa sababu iko na 300 kwa jina na bei yake iko chini. Cha kushangaza ni kwamba Canon hao hao mwaka 1995 walitoa 75-300 nyingine yenye IS, na hiyo ndo ilikuwa lenzi ya kwanza ya SLR, zile kamera za filamu zilizozaa DSLR, kuwa na stabilaiza, sema hii ya III haikubaki nayo. Ile 55-250 IS STM inapoteza hizo milimita hamsini, ambazo tumeona ni mita kumi na saba za dereva, halafu inakupea stabilaiza, inafokasi kimya, inafokasi kitu kikiwa sentimita 85 kutoka kwako wakati 75-300 inataka mita moja na nusu, na ukiifungua mpaka mwisho picha zake ziko kali zaidi. Mi sioni sababu ya mtu wa Canon ya kuanzia kununua 75-300 hata akipunguziwa, labda apewe bure, na hata hapo atumie na jua kali. Kama 55-250 STM imekushinda tafuta zile za kabla yake, IS II ama IS, zilizotumika, bado ni afadhali.

Angalia pia lenzi uliyo nayo tayari. Canon 18-55 zinatoka aina nyingi, kuna iliyoandikwa III bila IS na kuna IS II na IS STM, kwa mbali zinafanana kama mapacha. Kuna watu walilaumu mikono yao mwaka mzima kumbe lenzi haina kitu ndani.

Watu wa Nikon nyinyi mko na shida yenu ya pekee na ni muhimu muisome polepole. Bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi, za D3000 mpaka D3500, na D5000 mpaka D5600, hazina mota ya kufokasi ndani. Lenzi ndo inabidi iwe na mota. Kwa hivo ukinunua ile ya zamani iliyoandikwa AF tu, kama AF 70-300 f/4-5.6G, ambayo utaipata kwa bei ya kukufanya ucheke, itaingia vizuri, itapiga picha, lakini kufokasi utakuwa unazungusha na mkono, na simba hakungoji. Tafuta AF-S ama AF-P. Sawa, halafu hapo kuna mtego wa pili, AF-P ni mpya na bodi za zamani haziielewi. D3400, D3500, D5600 ziko sawa. D3300, D5300 na D5500 ziko sawa ukishaziwekea programu mpya ya Nikon. Lakini D3200, D3100, D5100 na wenzao, AF-P haifokasi kabisa, hata na mkono haiwezi, maana ringi yake inatumia umeme na si gia. D3200 ziko nyingi sana sokoni hapa, kwa hivo mwenye D3200 aende kwa AF-S DX 55-200 VR ama 55-300 VR na aachane na muuzaji anayesema "zote ni Nikon tu zitaingia". Kuingia zinaingia, na hapo ndo msaada wake unaishia.

Kwa mwenye D3400 kwenda juu, AF-P DX 70-300 ni lenzi tamu sana kwa bei yake, nyepesi na inafokasi haraka, sema iko mbili, yenye VR na isiyo na VR, na zinafanana hadi swichi, maana zote hazina swichi pembeni. Soma jina lote. Kama hakuna herufi VR hapo, hiyo ni ile ingine, na muuzaji akikwambia "VR iko kwa kamera", hizi DSLR za Nikon hazina.

Canon hawana hayo mambo ya mota, kila EF na EF-S iko nayo. Kwao cha kuangalia ni mlango wa lenzi. Bodi yako ya kuanzia iko na alama mbili, kaduara kekundu na kamraba keupe. EF inaingia kwa nyekundu, EF-S kwa nyeupe, zote zinakubali. RF haiingii. RF ni za kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zilizoanza 2018, na matangazo siku hizi yamejaa hizo, so mtu anaona "Canon 18-150 bei nzuri" anatuma pesa, ikifika haina pa kuingia na hakuna adapta ya kuiokoa. Adapta iko ya upande ule mwingine, EF kwenda kwa bodi ya RF, ambayo ni habari njema kwako maana lenzi unayonunua leo unaweza kuhama nayo baadaye. Na kwa sababu watu wengi wamehama bila kubeba lenzi zao, soko la mitumba ya lenzi za DSLR limejaa, saa hii ndo wakati mzuri wa kununua. Sigma na Tamron nao wanatengeneza lenzi ile ile kwa milango tofauti, kwa hivo "Tamron 17-50" peke yake haitoshi, uliza ni ya Canon ama ya Nikon.

Na hiyo 17-50 f/2.8 nimeitaja kwa sababu. Kama umegundua shida yako ni giza na si umbali, lakini kazi yako ni sherehe na huwezi kukaa ukibadilisha lenzi shangazi akilia, Tamron 17-50 f/2.8 ama Sigma 17-50 f/2.8 OS iliyotumika ndo njia ya katikati, inakaa 2.8 mwanzo mpaka mwisho. Ni bei zaidi ya 55-250, sitakudanganya, lakini iko mbali sana na zile bei za mapaparazi. Anayepiga nyumba, vyumba vya wageni, ama anataka KICC yote iingie akiwa hapo chini, huyo anataka pana: Canon 10-18 STM ama Nikon AF-P 10-20 VR, zote zimetengenezwa kwa watu wa bajeti. Nao wale wa lenzi moja kwa kila kitu, 18-135 ya Canon, 18-105 ama 18-140 ya Nikon zinatosha, na kuna sababu moja kubwa ya kuzipenda hapa kwetu, vumbi. Kubadilisha lenzi ndani ya van ya safari imefungua paa ni kualika vumbi likae kwa sensa. Zile 18-200 na 18-300 zinabeba zaidi lakini kadri zinavuta ndo picha inalainika, mi ningesimama kwa 18-135.

Kuna vile vioo vidogo pia vinauzwa na seti, vya kufunga mbele ya lenzi yako kwa uzi wa 58mm, eti vinazidisha zumu mara mbili. Tumia hiyo pesa kwa mafuta ya gari.

Sasa kuchagua, badala ya kuuliza grupu, uliza picha zako. Fungua zile mia mbili za mwisho kwa kompyuta, kila picha imeandikwa ndani ulikuwa kwa milimita ngapi, f ngapi na shata ngapi. Kama nyingi ziko 55mm na bado ulikata pembeni, wewe ni mtu wa 55-250 ama 70-300. Kama nyingi ziko 18 na uliegemea ukuta, wewe ni wa 10-18. Kama ziko katikati lakini shata ni 1/20 na ISO imepanda juu, umbali haukuhusu, tafuta 2.8 ama hiyo 50. Na kama huna picha mia mbili, tulia kwanza na hiyo 18-55, hakuna mtu anakukimbiza.

Bei za shilingi sijaandika makusudi, zinabadilika kila wiki na duka kwa duka, linganisha tatu ama nne kabla hujatoa kitu. Kwa ya mtumba nenda na kamera yako mwenyewe na memori kadi yako, mkutane mahali pana watu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja uangalie kwa ule mwingine. Vumbi dogo dogo halina neno, hata mpya zinapata. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, lenzi nyingi zilizokaa Pwani bila kutumiwa zinapata hiyo kitu kwa sababu ya unyevu, usinunue hata akishusha nusu. Zungusha ringi ya zumu polepole, isikwame, isiwe na sauti ya mchanga. Fokasi karibu, fokasi mbali, mara kadhaa. Halafu piga bango lolote lenye maandishi limekutazama moja kwa moja, kwa milimita ya chini na ya juu, lenzi ikiwa imefunguka yote, kuza kwa skrini uangalie kona nne: kona zote zikilegea kidogo ni kawaida ya lenzi za bei hii, lakini upande mmoja ukiwa kali na ule mwingine umeyeyuka, hiyo ilianguka na vioo vimehama. Fundi wa kuipanga atakulipisha karibu bei ya nyingine, kwa hivo mrudishie kwa upole, na kama hataki hata uijaribu na kamera yako, weka pesa mfukoni ushuke Tom Mboya ukapande mat.